Fedha za Wahisani na Mchezo wa Raga

Askari aliyewahi kushika zamu katika bohari anajua jambo ambalo raia wengi hawalijui. Kupokea mali ni kazi nyepesi. Kuitolea hesabu ndiyo kazi nzito. Risasi hutolewa kwa sahihi na hurudishwa kwa sahihi. Blanketi likipotea, yupo anayeulizwa. Gari likitoka kambini, daftari huonyesha limekwenda wapi, limetumia mafuta kiasi gani, na nani alikuwa kwenye usukani. Utaratibu huo haukuwekwa kwa kuwa askari wote ni wezi. Uliwekwa kwa kuwa mali isiyo na hesabu huyeyuka hata mikononi mwa watu waaminifu.

Fundisho hilo la bohari lafaa kukumbukwa linapotajwa suala la fedha za wahisani katika michezo. Ipo michezo inayojiendesha kwa viingilio vya watazamaji na kwa mikataba ya televisheni. Ipo mingine ambayo huishi kwa ruzuku, kwa michango ya marafiki na kwa moyo wa wachezaji wenyewe. Mchezo wa raga nchini Rwanda, kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika, umo katika kundi hili la pili. Kwa hiyo swali linalowakabili viongozi wake mjini Kigali si dogo: chama chenye mfuko mwepesi kinapopata fedha ya mhisani, kiitumie wapi kwanza?

Raga ni mchezo mgeni katika Rwanda ukilinganishwa na kandanda. Ulianza kushika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza alipoanza kuwafundisha wanafunzi huko Shyogwe, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Gitarama na ambao leo ni Muhanga. Baadaye jumuiya ya hisani ikaundwa huko Uingereza kwa ajili ya kuwasaidia wachezaji wa Rwanda kwa mipira, jezi na mafunzo. Leo nchi ina shirikisho lake, ina timu ya taifa, na ina vilabu kama vile Thousand Hills, Lions de Fer, Kigali Sharks na Resilience. Mjini Muhanga kwenyewe ipo klabu iitwayo Muhanga Thunders. Jambo hilo lastahili kuangaliwa kwa makini. Mbegu iliyopandwa katika kiwanja cha shule, kwa gharama ya mipira michache na mshahara mdogo wa mtu mmoja, imezaa mchezo mzima. Hapana safari ya timu ya taifa iliyowahi kuzaa kiasi hicho.

Yafaa pia kueleza fedha hizi hutoka wapi. Chombo kinachosimamia raga duniani, World Rugby, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na Kombe la Dunia la wanaume, ambalo hufanyika kila baada ya miaka minne. Sehemu ya mapato hayo hugawiwa vyama vya nchi na mashirikisho ya kanda, ambalo kwa Afrika ni Rugby Africa. Mbali na hayo zipo jumuiya za hisani, zipo kampuni, na wapo watu binafsi waliowahi kuucheza mchezo huo na wakaupenda. Fedha zote hizo zina tabia mbili zinazofanana. Kwanza, hutolewa kwa kazi fulani na kwa muda fulani, kisha hukoma. Pili, anayezitoa yuko mbali. Hawezi kuona kwa macho yake kilichofanyika, hivyo hutegemea taarifa na hesabu anazopelekewa.

Kishawishi cha kwanza cha chama maskini kikipata fedha ya namna hiyo ni kuipeleka timu ya taifa safarini. Kishawishi hicho kinaeleweka. Timu ya taifa huvaa rangi za bendera, huimba wimbo wa taifa, na picha yake hutoka magazetini. Lakini hebu zihesabiwe gharama. Kikosi cha mechi ya kimataifa ya raga ya wachezaji 15 kwa 15 kina watu 23, pamoja na wa akiba. Wakiongezwa walimu, daktari, msimamizi wa vifaa na viongozi, msafara hukaribia watu 30. Hao wote wahitaji tiketi za ndege, vitanda, chakula, bima na masurufu. Kwa mashindano ya juma moja, fedha ambayo ingeendesha mafunzo ya shule kadhaa kwa mwaka mzima huwa imekwisha. Timu ikirudi, kinachobaki ni picha na mabaki ya tiketi.

Wapo wanaojibu kwamba bila timu ya taifa hakuna mhisani atakayeuona mchezo, na kwamba kijana hawezi kuvutiwa na kitu asichokiona. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Timu ya taifa ni kilele cha mlima, na mlima usio na kilele hauonekani kwa mbali. Hata hivyo kilele hakiwezi kuelea hewani. Makosa hayako katika kuwa na timu ya taifa. Yako katika kuilipia kwanza, kisha kuyaachia mengine yote yagawane makombo.

Mfano wa karibu uko Kenya, nchi ambayo kwa raga iko mbele sana katika Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 2016 timu ya Kenya ya wachezaji saba ilitwaa ubingwa wa mashindano ya Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Afrika Mashariki nzima ilishangilia. Mwaka huohuo chama cha raga cha nchi hiyo kilipata udhamini wa miaka mitano kutoka kwa kampuni ya michezo ya bahati, SportPesa. Lakini Serikali ilipopandisha kodi ya biashara hiyo hadi asilimia 35, kampuni hiyo iliuondoa udhamini wake mwanzoni mwa 2018, kabla mkataba haujafika hata nusu. Mwezi Juni mwaka huo, katika mashindano ya Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameifunika nembo ya mdhamini mwingine kwenye jezi zao kwa sababu ya mgogoro wa malipo. Mdhamini huyo naye akajitoa. Mwezi Mei 2023 Kenya ikapoteza nafasi yake katika mfululizo wa mashindano makubwa ya dunia, hata ikalazimika kupigana upya ndipo ikairudia mwaka 2024.

Haifai kusema kwamba fedha pekee ndiyo iliyoleta yote hayo, kwani kushinda na kushindwa ni sehemu ya mchezo. Lakini funzo moja liko wazi. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja haina usalama, hata nguzo hiyo ikiwa nene kiasi gani. Chama kinachopanga mshahara, safari na posho zote kwa ahadi ya mdhamini mmoja kimempa mdhamini huyo, pamoja na kodi na sheria na hali ya biashara yake, uwezo wa kuuzima mchezo kwa barua moja. Na mchezaji anayeahidiwa fedha ambayo haijafika hawezi kulaumiwa sana akikasirika.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, lakini askari watauelewa upesi. Fiji ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki yenye watu wasiofikia milioni moja. Jeshi lake na polisi wake wanajulikana kwa raga, na askari wake, kama walivyo askari wa Rwanda, wamehudumu kwa miaka mingi katika majeshi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2013 chama cha raga cha Fiji kilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha, hata kocha mgeni wa timu ya wachezaji saba, Ben Ryan, akafanya kazi kwa miezi ya mwanzo bila mshahara. Mwaka 2014 baraza la raga la dunia, lililokuwa bado likiitwa IRB, lilisimamisha fedha lililokuwa likizitoa moja kwa moja kwa chama hicho mpaka usimamizi wake urekebishwe. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro ya 2016, Fiji iliifunga Uingereza 43 kwa 7 katika fainali na kupata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu.

Je, ushindi huo wathibitisha kwamba hesabu mbovu hazidhuru kitu? La hasha. Kilichoiokoa Fiji ni msingi ambao fedha haikuujenga kwa siku moja na dhiki haikuweza kuubomoa kwa siku moja. Katika kila kijiji cha nchi hiyo watoto hukimbia na mpira tangu wakiwa wadogo. Mashindano ya vijiji, ya shule, ya jeshi na ya polisi huendelea hata ofisi ya chama ikiwa imefunga milango. Ofisi ilitikisika, lakini mchezo haukuanguka, kwa kuwa haukuwa umewekwa ofisini. Rwanda haina bado msingi wa namna hiyo. Kwa hiyo ofisi yake ikitikisika, mchezo wenyewe waweza kuanguka nayo.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Mwezi Machi 2020 chama cha raga cha Marekani, taifa lenye utajiri mkubwa kuliko yote duniani, kiliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Maradhi ya korona yalikuwa yamesimamisha michezo na kukata ada za wanachama na fedha za wadhamini; lakini chama hicho kilikuwa kimekwisha kudhoofika kabla ya maradhi hayo kufika. Huko Uingereza, vilabu vikubwa vya Worcester na Wasps vilianguka kwa madeni mwaka 2022, na London Irish ikafuata mwaka 2023. Fedha nyingi zisizo na mpango hupotea kama zinavyopotea fedha chache.

Baada ya mifano hiyo ya huzuni, hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kutia moyo. Uko Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, pembezoni mwa Kigali. Kriketi ni mchezo mwingine ulioingia Rwanda kwa nguvu baada ya 1994, ukiletwa hasa na Wanyarwanda waliorejea kutoka uhamishoni. Kwa miaka mingi ulichezwa katika kiwanja kimoja tu cha Kicukiro, palipokuwa na shule ya ufundi ya ETO. Wapenzi wa mchezo huo hawakuomba fedha ya kila kitu. Waliunda mfuko maalumu wenye kazi moja, yaani kujenga uwanja wa kudumu, na wakatafuta takriban pauni milioni moja za Kiingereza. Mwezi Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, alipiga mipira kwa muda wa saa 51 mfululizo mjini Kigali ili kuutangaza mfuko huo, na jina lake likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2017.

Kila aliyetoa fedha yake aliweza kuoneshwa ilikokwenda, kwa kuwa uwanja hauwezi kufichwa mfukoni. Mwezi Januari 2023 wasichana wa Rwanda wenye umri usiozidi miaka 19 walikwenda Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia la umri wao, wakazifunga Zimbabwe na West Indies. Uwanja peke yake haukuleta ushindi huo. Waliuleta wasichana wenyewe na walimu wao. Lakini ni vigumu kufikiri wangefika hapo wakiwa bado wanaazima mahali pa kufanyia mazoezi. Raga mjini Kigali imechezwa kwa muda mrefu katika viwanja vya watu wengine, vya shule na vya kiwanda, kama kile cha Utexrwa. Mwenye kuazima hana budi kuondoka mwenye mali anapokihitaji chake.

Kutokana na hayo yote, kanuni ya kuigawa fedha ya mhisani yaweza kutamkwa kwa maneno machache: itumike kwanza katika mambo yatakayobaki mhisani akishaondoka. Kanuni hiyo ikishikwa, mpangilio wa matumizi hujitokeza wenyewe.

La kwanza ni usalama wa mchezaji. Raga ni mchezo wa kugongana miili. Mwenye mpira hukamatwa na kuangushwa, na katika skramu watu wanane husukumana na wanane wengine kwa mabega na shingo. Kijana asiyefundishwa mahali pa kuweka kichwa chake wakati wa kumwangusha mwenzake anaweza kuvunjika shingo. Aliyegongwa kichwa na kuonekana amechanganyikiwa hana budi kutolewa mara moja, wala asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yu mzima. Mafunzo ya mambo hayo ni ya bei nafuu. Machela, mfuko wa huduma ya kwanza na mtu aliyefundishwa kuvitumia ni vya bei nafuu. Chama kinachonunua jezi mpya huku kikicheza mechi bila machela kimekosea hesabu za ubinadamu kabla hakijakosea za fedha. Mzazi mmoja akimpokea mwanawe katika kiti cha magurudumu, hakuna mhisani atakayeweza kumrudishia imani, naye atawaambia jirani zake wote.

La pili ni shule, wavulana na wasichana pamoja. Raga ya watoto yaweza kuchezwa bila kuangushana kabisa. Mchezaji huvaa utepe kiunoni, na anayemkabili huunyakua utepe huo badala ya kumkamata mwili. Mipira kumi na fungu la tepe hutosha kuwachezesha watoto wa shule nzima kwa zamu. La tatu ni watu wenye ujuzi, yaani makocha na waamuzi. Jezi huchakaa kwa misimu miwili, lakini mwalimu aliyefundishwa vizuri huwafundisha wengine kwa miaka ishirini. La nne ni kiwanja na vifaa. La tano ni timu za taifa, na hapo raga ya wachezaji saba, ambayo kikosi chake ni watu 12 na ambayo iko katika Olimpiki tangu 2016, ni mzigo mwepesi zaidi kuliko ile ya watu 15. La sita ni hesabu na ukaguzi wake, na la saba ni akiba.

Mpangilio huo ukitiwa katika tarakimu, kila faranga 100 za mhisani zaweza kugawiwa hivi: faranga 15 ziende kwa usalama na matibabu, 30 kwa shule na vijana, 20 kwa makocha na waamuzi, 10 kwa kiwanja na vifaa, 15 kwa timu za taifa, 5 kwa hesabu na ukaguzi, na 5 ziwekwe akiba. Tarakimu hizi si amri. Mwaka wa kujenga uwanja utataka mgawo mwingine, na mwaka wa mashindano makubwa utataka mwingine. Zimetajwa ili kuonyesha kwamba hata ikipewa sehemu ndogo, timu ya taifa haifi, na kwamba vitu vinavyoitwa vidogo vyaweza kupewa sehemu kubwa bila mtu yeyote kudhulumiwa.

Akiba ya faranga tano itawachekesha baadhi ya watu. Watasema chama chenye njaa hakiwezi kuweka akiba. Lakini na waitazame thamani ya fedha yenyewe. Mwaka 2018 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa chini ya faranga 900 za Rwanda. Kufikia 2025 ilikuwa imepita faranga 1,400. Mipira, viatu vya njumu na tiketi za ndege hununuliwa kwa bei zinazofuata dola. Chama kilichopanga safari kwa faranga mwaka mmoja kabla kitajikuta kimepungukiwa siku ya kulipa, bila mtu yeyote kuiba. Akiba ndiyo inayoziba pengo hilo, kama vile kikosi kilicho doria hakiondoki na maji ya kutosha kwenda tu.

Sasa hesabu. Wanajeshi na polisi wa Rwanda waliotumikia Umoja wa Mataifa wanajua jinsi vifaa vya kikosi vinavyokaguliwa. Nchi hulipwa fidia ya gari au mtambo wake baada ya wakaguzi kufika na kuona kwamba upo na unafanya kazi. Gari lililotajwa katika orodha lakini limelala juu ya matofali halilipiwi. Hakuna kamanda anayeona ukaguzi huo kuwa ni matusi. Vivyo hivyo chama cha michezo kisione kuwa kinadharauliwa kinapoulizwa risiti. Mambo yanayotakiwa ni ya kawaida: akaunti moja ya benki kwa kila mradi, hundi yenye sahihi za watu wawili wasio wa nyumba moja, bei za wauzaji watatu kabla ya kununua, daftari la bohari linaloonyesha kila mpira uko kwa nani, na mkaguzi wa hesabu asiye rafiki wa mweka hazina. Kisha hesabu hizo zibandikwe ubaoni mahali ambapo mchezaji wa klabu ndogo kabisa anaweza kuzisoma. Mchezaji akijua kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, uvumi hukosa pa kulala.

Wahisani nao wana lawama yao. Wako wanaotoa fedha ya mwaka mmoja na kudai matunda ya miaka kumi. Wako wanaoleta mizigo ya jezi kuukuu zisizotakiwa, na gharama ya kuzitoa forodhani hubaki kuwa ya mpokeaji. Wako wanaopenda kulipia kinachopigwa picha na wasiopenda kulipia kisichoonekana, kama mshahara wa mtunza hesabu, ilhali yeye ndiye anayezilinda fedha zao. Kiongozi mwenye busara humwendea mhisani na mpango wake mkononi, akamwambia: hiki ndicho kinachohitajika, kwa bei hii, kwa muda huu. Asiyekuwa na mpango hupangiwa. Na kuna wakati chama hakina budi kuikataa fedha, kwa heshima, ikiwa masharti yake yatakipeleka kusikokuwa kwake.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanyarwanda wanalijua funzo hilo kwa vitendo. Mwezi Agosti 2012, baada ya baadhi ya nchi kusimamisha misaada yao, ulianzishwa Mfuko wa Agaciro ili wananchi wachangie maendeleo yao wenyewe. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wananchi hushiriki umuganda, wakisafisha, wakipanda na wakijenga. Kiwanja cha raga kinahitaji kusawazishwa, kupandwa nyasi, kuchimbiwa mifereji na kusimamishiwa milingoti. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya jembe na mikono. Klabu inayomwaga jasho lake juu ya kiwanja itamwomba mhisani kitu kimoja tu kilichosalia, na itakitunza.

Hapo ndipo majeshi ya ulinzi na polisi yanapoweza kuwa na nafasi. Katika kandanda, timu za APR na Police zimekwisha kuonyesha kwamba vyombo vya usalama vyaweza kuwa nguzo ya mchezo. Huko Uingereza mechi ya kila mwaka kati ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini huchezwa Twickenham mbele ya maelfu ya watazamaji. Fiji imekwisha kutajwa. Kambi zina viwanja, zina wauguzi waliozoea machela, zina walimu wa mazoezi ya viungo, na zina vijana waliozoea kutii filimbi. Mwuguzi wa kambi akikubaliwa kusimama kando ya uwanja siku ya mechi za shule, askari polisi akijifunza uamuzi, kambi ikikiazimisha kiwanja chake kwa saa mbili za Jumamosi, hapo faranga za mhisani zimeokolewa bila mtu kuombwa hata senti moja. Wala faida haiwi ya raia peke yao. Raga humfundisha kijana kusonga mbele huku akimpasia mwenzake aliye nyuma, kuanguka na kuinuka bila kulalamika, na kumwita mwamuzi kwa heshima hata uamuzi ukimwuma. Hakuna jeshi lisilohitaji vijana wa aina hiyo.

Kwa hiyo suala la fedha za wahisani katika raga si la raga peke yake. Ni suala la amana. Mtu aliyeko mbali, asiyewajua watoto wa Muhanga wala wa Kicukiro, ametoa sehemu ya kile alichokitolea jasho kwa imani kwamba kitawafikia. Njiani, kati yake na watoto hao, wamesimama viongozi wachache wa chama. Fedha hiyo ikiishia hotelini, mhisani hatatoa tena, na atakayekosa si kiongozi bali ni mtoto ambaye hata hakujua kwamba alikuwa ameletewa mpira. Ikimfikia mtoto, ikamfikia mwalimu wake, ikanunua machela ambayo Mungu akijalia haitatumika, basi hata mfuko wa mhisani ukikauka mwakani, Jumamosi itakapofika mchezo utachezwa.